Injini ya boti ikigoma kuwaka, isikilize plagi

Ndugu zangu wa dagaa hapa Kibirizi, kabla hujachoka kuvuta kamba, hakikisha swichi ya dharura imechomekwa na gia iko huru. Minya pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta mpaka iwe ngumu. Ikibaki laini, mpira unavuta hewa.

Bado? Fungua plagi, zile zinazotoa cheche. Imelowa petroli: injini imekunywa kupita kiasi. Rudisha choki (kizuia hewa cha kuwashia), chomoa swichi ya dharura ili cheche isilipue mvuke, vuta kamba mara tano plagi zikiwa nje, zikaushe, rudisha. Ni kavu: mafuta hayafiki. Kagua chujio, maji ya kwenye madumu hutuama humo chini, na ndiyo yanayosumbua zaidi. Nyeusi yenye utelezi: oili imezidi. Mchanganyiko wa 50:1 ni mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli.