Namna Muuguzi Anavyowapokea Wenzi Wanaotafuta Mtoto

Mwanamke anayefika zahanati kueleza kwamba hashiki mimba mara nyingi huja peke yake, akiwa ameshatumia dawa za kusafisha kizazi na kuvumilia maneno ya mawifi. Msikilize faraghani bila kumkatiza, kisha umwombe arudi na mumewe, kwa sababu uchunguzi wa mtu mmoja katika jambo la watu wawili hupoteza muda na fedha za familia.

Thibitisha kwanza muda waliotafuta. Shirika la Afya Duniani linasema kuna ugumba pale mimba isipotunga baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Hivyo wenzi ambao mmoja wao yuko mgodini au safarini na hukutana kwa nadra huenda hawana tatizo lolote la uzazi. Mwanamke aliyetimiza miaka 35 aanze kuchunguzwa baada ya miezi 6. Asiyepata hedhi, aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga au ambaye mimba yake ilitunga nje ya kizazi asisubirishwe hata kidogo.

Unapochukua historia, zungumza nao pamoja, halafu kila mmoja peke yake. Mwanamke anaweza kuwa na mimba iliyotoka au ugonjwa wa zinaa ambao mumewe haujui, na siri hiyo ni yake. Usiiguse mbele ya mwenzake. Uliza kuhusu kisonono, klamidia na homa kali baada ya kujifungua au mimba kuharibika, kwa kuwa maambukizi hayo ndiyo huacha makovu yanayoziba mirija ya uzazi, inayopitisha yai kwenda kwenye kizazi. Akihofia kwamba sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu imemharibu, mweleze kwamba huchelewesha uwezo wa kushika mimba kurudi, pengine kwa karibu mwaka tangu sindano ya mwisho, lakini haiui kizazi.

Mwanamume naye aulizwe kama aliugua matumbwitumbwi akiwa amebalehe na kokwa zikavimba, kama alifanyiwa upasuaji wa ngiri, kama anavuta sigara, na kama anachoma homoni za kiume ili kujenga misuli, maana homoni hizo husimamisha utengenezaji wa mbegu. Kuwa na mtoto wa zamani hakumwondoi katika uchunguzi. Ninasisitiza kwamba kipimo cha manii kitangulie picha ya mirija, kwa kuwa ni rahisi zaidi na hakina maumivu, ilhali bado tunaona wanawake wakizungushwa miaka mingi kabla mume hajapimwa hata mara moja. Aelekezwe kukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kutumia chombo safi cha maabara na si kondomu ya kawaida, na kufikisha sampuli ndani ya saa moja ikiwa imehifadhiwa karibu na mwili. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa, kwa kawaida baada ya miezi mitatu, kwani mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kukomaa.

Kuhusu siku za kushika mimba, fundisha kwamba yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si lazima siku ya 14 ya kila mzunguko. Mbegu huweza kuishi hadi siku 5, na yai halizidi saa 24; kujamiiana kila baada ya siku 2 au 3 kunatosha.

Maandalizi ya mimba yaanze siku hiyohiyo, bila kungoja majibu. Mwanamke atumie asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutunga, wakati wengi hawajajijua, na ndiyo maana kidonge kinachoanzwa katika kliniki ya wajawazito huwa kimechelewa kuzuia mgongo wazi. Aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hiyo, au anayetumia dawa za kifafa, apelekwe kwa daktari kwa ajili ya dozi kubwa zaidi. Anayetumia valproeti, mojawapo ya dawa hizo za kifafa, asiiache ghafla, bali abadilishiwe na daktari kabla ya kushika mimba.

Pima shinikizo la damu, uzito, wingi wa damu, sukari, kaswende, homa ya ini B na VVU, na wote wawili wapimwe selimundu. Anayeishi na VVU ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo kutokana na dawa hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, kwa hiyo waelezwe wazi kwamba wanaweza kutafuta mtoto kwa njia ya kawaida.

Katika barua ya rufaa andika muda waliotafuta, tarehe ya hedhi ya mwisho na majibu ya wote wawili, ukiambatanisha kipimo cha manii. Mkumbushe mwanamke kwamba picha ya mirija hupigwa baada ya damu kukatika na kabla yai halijapevuka, kisha wapangie tarehe ya kurudi kwako pamoja.