Ngazi ya dau kwenye mfululizo wa besiboli: anza na hesabu ya dau la tatu

Ligi za Ulaya zikifunga mwishoni mwa Mei, anayebeti hapa Dodoma, pale Sabasaba au Majengo, hufungua simu akakuta orodha imejaa besiboli ya Marekani. Ligi ya MLB ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku. Timu mbili zikikutana hazichezi mara moja zikaachana. Hukaa kwenye uwanja mmoja siku tatu, mara nyingine mbili au nne, zikicheza zenyewe kwa zenyewe.

Hapo ndipo inapoingia ngazi ya dau. Unachagua timu moja na kuiwekea mechi ya kwanza, tuiite A. Ikipoteza, unapandisha dau mechi ya pili, B, kiasi cha kurudisha kilichopotea pamoja na faida uliyopanga. Ikipoteza tena, unapandisha kwa C. Timu ikishinda mara moja tu kati ya hizo tatu, unafunga mfululizo na faida yako.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyetimiza miaka 18, anayebeti kwenye kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kuna jambo lazima lisemwe mapema, kwa sababu wanaouza "mfumo" huu kwenye magrupu ya simu hawalisemi: ngazi haiongezi uwezekano wa kushinda hata kidogo. Inachobadilisha ni mpangilio wa hasara. Utashinda kidogo kidogo mara nyingi, kisha pigo moja litakuja likachukua zote na zaidi. Ukitaka kuitumia, itumie ukijua bei yake, na bei hiyo inaonekana kwenye hatua ya C.

Hatua ya 1: Tenga fedha ya msimu mzima

Andika kiasi ambacho kikipotea chote, kodi ya nyumba inalipwa na watoto wanakula. Besiboli inashika kasi wakati mahindi na alizeti zinauzwa, soko la nafaka la Kibaigwa magari yamepanga foleni na mikononi kuna fedha. Fedha ya mazao si mtaji wa kubeti, na bumu la mwanafunzi wa UDOM vilevile.

Tuseme umetenga 100,000. Igawe kwa 10. Hiyo 10,000 ndiyo gharama ya juu ya mfululizo mmoja, yaani A, B na C zikijumlishwa. Wengi hukosea hapa kwa kufikiria dau la A peke yake. Wanaona 2,500 ni fedha ndogo, na usiku wa tatu wanajikuta wanatafuta 12,500 ambayo haimo kwenye simu.

Hatua ya 2: Chagua soko lenye pande mbili

Besiboli ya MLB haina sare. Mizunguko 9 ikiisha timu zikiwa sawa, huongezwa mizunguko mpaka mshindi apatikane. Lakini baadhi ya kampuni huweka pia soko la 1X2 (mwenyeji, sare au mgeni) linalohesabu mizunguko 9 tu, na humo sare ipo. Odi zake, yaani namba inayozidishwa na dau kupata malipo, huonekana nono kuliko za soko la mshindi, na mtu huzifuata bila kusoma. Timu yake inashinda kwenye mzunguko wa 11, na mkeka wake (tiketi ya dau) umeshachanika. Tafuta soko lililoandikwa mshindi pamoja na mizunguko ya ziada.

Angalia pia mpangilio wa majina. Wamarekani huanza na mgeni, kisha alama ya @, kisha mwenyeji. Programu nyingi za kubeti hapa nchini huanza na mwenyeji, kama kwenye soka.

Hatua ya 3: Jua makato yako halisi

Kodi ya ushindi hukatwa kabla hujapokea, na asilimia yake imekuwa ikibadilika na bajeti za serikali. Usiibahatishe. Andaa mkeka wa mechi moja, jaza dau la 1,000, na usome mstari wa makato kabla ya kuthibitisha: ni asilimia ngapi, na inapigwa kwenye faida au kwenye malipo yote. Mifano ya hapa chini inatumia asilimia 10 ya faida. Yako ikiwa tofauti, badilisha namba.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya hatua zote tatu

Kanuni ni moja kwa kila hatua:

dau = (hasara ya hatua zilizopita + faida unayolenga) ÷ ((odi − 1) × 0.9)

Ile 0.9 ndiyo inayobaki baada ya kodi. Chukua odi ya 1.90 na lengo la 2,000. Kigawanyo ni 0.9 × 0.9 = 0.81.

A: 2,000 ÷ 0.81 = 2,469. Weka 2,500.
B: (2,500 + 2,000) ÷ 0.81 = 5,556. Weka 5,600.
C: (8,100 + 2,000) ÷ 0.81 = 12,469. Weka 12,500.

Jumla 20,600. Unahatarisha 20,600 ili upate 2,000 na kitu. Kwa mtaji wetu wa 100,000, ambao unaruhusu 10,000 tu kwa mfululizo, lengo linashuka hadi 950: A ni 1,200, B ni 2,700, C ni 6,000, jumla 9,900. Watu wakiiona 950 huvunjika moyo na kupandisha lengo. Lengo hutoka kwenye mtaji, halitoki kwenye hamu.

Sasa pima kama mchezo unalipa. Timu yenye nafasi nusu kwa nusu kila mechi itapoteza zote tatu mara moja katika mifululizo 8. Kwa mfano wa lengo la 2,000, chukua mifululizo 8 inayokwenda kama hesabu inavyotaka: minne inafungwa A, miwili B, mmoja C, mmoja unapotea wote. Faida ya ile saba ni 14,197. Hasara ya ule mmoja ni 20,600. Umebaki chini kwa 6,403.

Linganisha na mtu anayeweka dau moja lisilobadilika. Kwa odi hiyo na kodi hiyo, kila shilingi 100 anayoweka kwenye mechi ya nusu kwa nusu inampotezea shilingi 9.50 kwa wastani. Mwenye ngazi huweka wastani wa 8,425 kwa mfululizo, na asilimia 9.5 ya hiyo ni takriban 800. Zidisha kwa 8 na utarudi kwenye zile 6,400. Ni hasara ile ile, imepangwa tu kwa namna nyingine. Ili usipoteze kwa odi ya 1.90 yenye kodi hiyo, timu unazochagua lazima zishinde zaidi ya asilimia 55 ya mechi, uwe na ngazi au usiwe nayo. Los Angeles Dodgers, waliokuwa na rekodi bora ya ligi mwaka 2024, walishinda mechi 98 kati ya 162, sawa na asilimia 60 na nusu, na timu ya namna hiyo huipati kwa odi ya 1.90 siku nyingi.

Kukimbilia timu kubwa ili "isipoteze tatu" kunazidisha tatizo. Odi ikiwa 1.50, kigawanyo ni 0.45. Kwa lengo lile lile la 2,000, A ni 4,450, B ni 14,350, C ni 46,250. Jumla 65,050. Hata timu inayoshinda asilimia 64 hupoteza tatu mfululizo karibu mara moja kwa kila 21, na mifululizo 20 iliyoshinda kabla yake inaleta takriban 40,000 tu.

Upande wa pili, odi ya 2.30 ina ngazi nyepesi: 1,750, 3,250 na 6,000, jumla 11,000. Lakini timu ya asilimia 42 hupoteza zote tatu karibu mara moja kwa kila mifululizo mitano. Mimi ningekaa kati ya 1.80 na 2.10, ambako C bado inabebeka.

Hatua ya 5: Soma warushaji wa siku zote tatu

Hapa ndipo besiboli inapoachana na soka, na hapa ndipo ngazi nyingi zinapovunjika. Mrushaji anayeanza mechi, yule anayewarushia wapinzani mpira waupige kwa gongo, huamua odi kuliko mchezaji mwingine yeyote, na timu kwa kawaida huzungusha warushaji watano. Kwa hiyo mfululizo wa mechi tatu ni mechi tatu tofauti, kila moja na odi yake. Timu uliyoiona kwa 1.90 siku ya A inaweza kuwa 2.60 siku ya C kwa sababu wapinzani wanamleta mrushaji wao bora. Au ikawa 1.60 kwa sababu wako ndiye anayeanza.

Hiyo 1.60 inaonekana habari njema mpaka upige hesabu. Hasara ya nyuma ni 8,100, lengo 2,000, kigawanyo 0.54. Dau la C linatoka 12,500 linakuwa 18,750. Ndiyo maana meza ya madau iliyokaririwa, ile ya "zidisha mara mbili na nusu", haifai. Kabla ya A, tafuta majina ya warushaji waliotangazwa, kadiria odi ya kila siku, na weka dari ya C. Odi ikilazimisha dau kuvuka dari, unaweka dari hiyo hiyo na kukubali kurudisha sehemu, au unaishia B.

Soma pia kanuni ya kampuni yako kuhusu mrushaji kubadilishwa dakika za mwisho. Kwingine mkeka unafutwa na dau linarudi, kwingine unaendelea.

Hatua ya 6: Geuza saa na tarehe

Msimu mzima New York iko nyuma yetu kwa saa 7, Los Angeles kwa saa 10. Mechi ya New York ya saa 1:05 jioni ya Ijumaa kwao, huku ni saa 8:05 usiku wa kuamkia Jumamosi. Ya Los Angeles ya saa 1:10 jioni ni saa 11:10 alfajiri kwetu. Mtu hulala akidhani B ni kesho, kumbe imeshapita. Andika tarehe ya Dodoma kwenye daftari, na weka dau la B asubuhi ukishaona matokeo ya A, akili ikiwa imetulia. Dau la saa 9 usiku ndilo linalovuka dari.

Hatua ya 7: Jipange kwa mvua

Huku kwetu kuanzia Mei mpaka Novemba anga ni kavu, na mtu husahau kuwa Chicago au New York mvua ya radi hupiga katikati ya Julai. Mechi ikiahirishwa, kwa kawaida dau hurudi, na mechi huchezwa siku nyingine kwa kuunganishwa, mbili kwa siku moja. Ya pili huweza kuanza muda mfupi baada ya ya kwanza kwisha, na huna nafasi ya kutosha kupiga hesabu ya C. Ikitokea hivyo, funga mfululizo hapo ulipo. Usibebe hasara kuipeleka kwa timu nyingine, maana ukifanya hivyo umeunda hatua ya D ambayo hukuitengea fedha.

Njia rahisi ya kupunguza usumbufu huu ni kuchagua mifululizo kwenye viwanja vyenye paa linalofungwa: Houston, Milwaukee, Toronto, Seattle, Phoenix, Miami na Arlington.

Hatua ya 8: Daftari na mahali pa kusimama

Kila mstari uwe na tarehe, timu, mrushaji, odi, dau, matokeo na salio. Ongeza safu moja ya dari ya C, uijaze kabla ya A. Ukiikuta tupu, mfululizo huo haubetiwi. Usiunganishe hatua yoyote na mechi nyingine kwenye mkeka mmoja, kwa sababu hesabu yote hapo juu inavunjika.

Usidanganywe na mwanzo mzuri. Kwa timu za nusu kwa nusu, uwezekano wa kupoteza angalau mfululizo mmoja kati ya 10 ni karibu asilimia 74, na kati ya 20 ni 93. Halafu kuna misimu ya ajabu: Chicago White Sox mwaka 2024 walipoteza mechi 121, zikiwemo 21 mfululizo. Aliyekuwa anawafuata kwa hoja kwamba "lazima leo washinde" aliangukia C mara baada ya mara.

Mifululizo miwili ikipotea yote ndani ya wiki moja, simama mpaka wiki ijayo. Mtaji ukishuka nusu, punguza lengo nusu. Zile 100,000 zikiisha, msimu wako umeisha, hata kama ni Julai tu. Ukishika mkopo wa simu ili kufikia C, au ukianza kuficha daftari nyumbani, funga akaunti: kampuni yenye leseni ukiiomba ikufungie, iombe kwa maandishi na uhifadhi ujumbe huo.