Namna ya kusoma riwaya za Kimarekani za mtu anayegoma kumezwa

Kama umewahi kuanza riwaya ya Kimarekani ya miaka ya 50 au 60 ukaiacha kabla hata haijachanganya, mara nyingi shida sio kiingereza, shida ni kwamba unasubiri stori tuliyoizoea, jamaa ana adui, wanapambana, mmoja anashinda. Humu adui hana sura. Ni ofisi, jeshi, hospitali, chama, na wote wanamwambia mhusika sisi tunakusaidia wewe. Kwahiyo usisome ukiuliza nani atashinda, soma ukiuliza huyu mtu kabaki na nini cha kwake ambacho bado hawajakichukua.

Shika penseli. Kwenye jalada la nyuma kwa ndani andika maswali matatu: nani kampa jina, nani kampa karatasi, na wapi kagoma. Ukikutana na kimojawapo andika namba ya ukurasa basi, usianze kujaza maelezo utachoka.

Anza na One Flew Over the Cuckoo's Nest ya Ken Kesey (1962) maana inaenda haraka, na Kesey hakubuni hewani, aliwahi kufanya kazi zamu ya usiku kwenye wodi ya wagonjwa wa akili huko Menlo Park, California. Ila nakuomba usianze na sinema. Ile ya 1975 ni nzuri kweli, ilibeba Oscar tano, lakini imemnyang'anya Bromden usimulizi, na Bromden ndo kitabu chenyewe: jitu la miraba minne linalojifanya bubu na kiziwi, mtoto wa chifu wa wenyeji asilia wa Marekani, na hata hilo jina Bromden ni la mama yake mzungu, mzee aliacha la kwake akachukua la mke (haya, penseli ishapata kazi). Wasomaji wengi wanamkodolea macho McMurphy, mgonjwa mwenzake wodini, kwasababu ana makelele, anacheza kamari, anamchokoza nesi mkuu Ratched, tunaona huyu ndo mtu huru, alafu mwisho wanamfanyia opresheni ya ubongo anabaki gogo, na anayevunja dirisha akaondoka ni yule bubu. We mfuate Bromden tangu ukurasa wa kwanza.

Ukimaliza hicho ndo uende Invisible Man ya Ralph Ellison (1952), na hapa usiwe na haraka kabisa, kitabu ni kinene na kina kelele nyingi ila hakuna kama hiki kwa hii mada. Msimulizi hatajwi jina mwanzo mpaka mwisho. Wewe fuata brifkesi yake tu. Anapewa na wazungu wakubwa wa mji baada ya kumpiganisha na vijana weusi wenzake wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, na ndani ya brifkesi kuna skolashipu ya chuo, kijana anafurahi mpaka anasahau damu mdomoni. Kuanzia hapo kila mkubwa anayekutana nae anamuongezea karatasi. Mkuu wa chuo, Bledsoe, mweusi mwenzake, anampa barua saba za kwenda nazo New York anazodhani zinamuombea kazi, kumbe zinasema huyu msimpe kitu. Anapata kibarua kiwanda cha rangi ambako rangi nyeupe inayosifiwa kuliko zote inatiwa matone kumi ya dawa nyeusi ikorogwe, soma hiyo sehemu mara mbili. Mitambo inalipuka, anaamkia hospitali ya kiwanda kwenye mashine ya shoti za umeme, wanamuonyesha kadi wanamuuliza jina lako nani, hajui, na wakishamuona hajui wanasema kapona wanamsainisha karatasi. Alafu chama cha siasa, Brotherhood, kinamuandikia jina jipya kwenye kikaratasi.

Sasa twende kule mwisho, yuko gizani chini ya ardhi, hana mwanga, anaanza kuchoma zile karatasi moja moja ili aone njia, na kwa mwanga huohuo anagundua mwandiko wa kikaratasi cha jina na mwandiko wa barua ya vitisho aliyotumiwa bila jina ni wa mtu yuleyule, kiongozi wake Jack. Ukifika hapo bila kuwa umefuatilia karatasi utaona ni tukio la kawaida tu, ndo maana nilisisitiza penseli.

Catch-22 ya Joseph Heller (1961) isome kwa vicheko, usihangaike kupanga matukio yamefuatana vipi. Angalia namba tu: idadi ya safari za ndege za vita inapandishwa kila wanajeshi wakikaribia kuimaliza, na Heller mwenyewe alirusha mabomu safari 60 huko Italia. Mhusika mkuu, Yossarian, anaahidiwa kurudishwa nyumbani akikubali kuwasifia makanali, na mwisho anakataa. Hiyo iandike kwenye kugoma.

Mpaka hapo utakuwa umesoma wanaume watupu, na kwa Kesey wanawake ni kama maaskari magereza, kitu ambacho mi binafsi kinanikera. Kwahiyo rudi nyuma mpaka 1937, Their Eyes Were Watching God ya Zora Neale Hurston. Janie utotoni wanamuita Alphabet kwa jinsi kila mtu anavyompa jina lake, akiolewa na Joe Starks anakuwa mke wa meya, dukani analazimishwa kufunga nywele kwa kitambaa na watu wakimuomba aseme neno mume anamjibia. Mume akifa vile vitambaa vyote anavichoma moto.

Mwisho weka mijalada yote pamoja ulinganishe walikoenda. Bromden katoroka, Yossarian anakimbilia Sweden, wa Ellison kajichimbia chini na balbu zake 1,369 anasema atatoka. Janie peke yake karudi palepale kwa majirani wanaomsema, kavaa ovaroli, nywele kaziachia. Kwangu huyo kawazidi wote, wa Ellison namba mbili, ila usinikubalie kabla hujasoma.