Somo: Lenzi kuukuu za fomati ya kati na kubwa, anza na shata, jina baadaye

Wengi wanaotafuta lenzi kuukuu huanza kuuliza jina la kampuni. Ni Zeiss? Ni Schneider? Nawaomba mwanzie kwingine. Kwetu huku, kuanzia Nakuru hadi Busia, fundi wa kufungua shata ya Compur (shata ndiyo mlango unaofunguka na kujifunga kupitisha mwanga) na kuirudisha ikiwa nzima ni wa kutafutwa kwa tochi. Kioo chenye mkwaruzo mdogo kitakupigia picha nzuri miaka yote, lakini shata iliyokwama itakufanya uiweke lenzi kabatini. Basi mpangilio wangu ni huu: duara, shata, kioo, na mwisho kabisa jina.

Hatua ya 1: Je, lenzi inafunika filamu yako?

Lenzi humwaga picha ya duara nyuma yake, na kona zote nne za filamu lazima ziingie ndani ya duara hilo. Filamu ya fomati ya kati ya 6x6 (kwa sentimita) ni kama milimita 79 kutoka kona moja hadi kona inayoikabili. Ya 6x7 ni 90. Kwenye fomati kubwa, inayotajwa kwa inchi, ya 4x5 ni 153 hivi, na ya 8x10 inapita 310. Ndiyo sababu lenzi ya kawaida ya 6x6 ni milimita 80, ya 4x5 ni 150 na ya 8x10 ni 300. Mwenye Hasselblad au Mamiya RB67 aruke hatua hii, kwa sababu lenzi zake zilitengenezwa kwa ajili ya kamera hiyo hiyo. Ninaosema nao hapa ni wenye kamera za mvukuto, ule mfuko unaokunjika kati ya lenzi na filamu.

Tuseme umekwenda Kit Mikayi na kamera ya 4x5, umeiweka wima. Unataka kilele cha jiwe kiingie, lakini ukiielekeza kamera juu, mawe yataonekana yanaangukia nyuma. Unaiacha kamera sawa, unapandisha bodi ya lenzi, yaani ubao unaoishika, milimita 30. Sasa kona za mbali za filamu ziko karibu milimita 102 kutoka katikati ya duara, maana yake unahitaji duara la milimita 204. Lenzi ya Symmar-S ya 150 f/5.6 hutoa milimita 210 kitundu chake kikifungwa hadi f/22 (kitundu ndicho tundu linalopitisha mwanga, na namba ya f ikikua, tundu hupungua). Inatosha, ila usipandishe zaidi. Weka Xenar au Tessar ya 150, zenye duara dogo zaidi, mahali pake na kona zitatoka nyeusi.

Sisemi Tessar ni mbaya. Ni muundo wa Paul Rudolph wa Zeiss, wa 1902, vioo vinne tu, na kwa sura ya mtu naipenda kuliko lenzi nyingi ghali. Tena ukisogea karibu na mtu, mvukuto hurefuka na duara hukua, kwa hivyo udogo wake hausumbui. Chagua kulingana na unachopiga.

Tahadhari moja: Angulon ya 90 f/6.8 na Super-Angulon ya 90 f/8 si lenzi moja. Ya kwanza hufunika 4x5 kwa shida, bila nafasi ya kupandisha chochote. Ya pili ina duara la milimita 216. Kuna wauzaji wanaoyachanganya majina haya, kwa hivyo soma maandishi kwenye pete ya mbele wewe mwenyewe.

Hatua ya 2: Shata

Kaza shata, weka sekunde 1, fyatua, sikiliza. Mlio uende kwa mwendo mmoja hadi mwisho. Ukisita katikati, mafuta ya ndani yamekauka. Rudia kwa nusu sekunde, robo, na kuendelea. Kisha ichukue video kwa simu yenye uwezo wa picha 240 kwa sekunde, lenzi ikiangalia dirisha na simu ikiwa nyuma yake. Kwenye 1/30 uone mwanga katika picha kama 8, na kwenye 1/60 kama 4. Kasi za juu zaidi simu haiwezi kuzipima vizuri.

Shata inayochelewa si lazima uikatae. Kama 1/125 yake kwa kweli ni 1/60 na inarudia vivyo hivyo kila mara, andika kwenye karatasi, ibandike kwenye bodi, endelea na kazi. Ya kukataa ni ile inayobadilika: leo hivi, kesho vile. Hiyo itakula filamu yako, na filamu ya 4x5 si ya kupoteza.

Kwenye Compur za zamani, kasi ya juu kabisa ichaguliwe kabla ya kukaza shata, si baada. Na kile kitasa cha kujipiga picha mwenyewe usikiguse, kwa kuwa mara nyingi ndicho cha kwanza kukwama, na kikikwama kinaishika shata nzima.

Unaponunua kwa mtu wa mbali, mwombe video yenye sauti ya sekunde 1. Akikataa, usitume pesa.

Hili liko pia kwenye fomati ya kati. RB67 na Hasselblad 500C zina shata ndani ya kila lenzi, kwa hivyo kila lenzi unayoongeza ni shata nyingine ya kuitunza. Pentax 6x7 ina shata yake ndani ya kamera, na lenzi zake nyingi ni kioo na kitundu tu. Kwa anayenunua bila kuiona lenzi, naona Pentax ina hatari chache.

Hatua ya 3: Kioo

Fungua kitundu chote, washa tochi upande mmoja, tazama kutoka upande wa pili kwa mshazari. Vumbi na vipovu vidogo ndani ya kioo havina neno. Nyuzi zinazotanda ni fangasi. Wingu la rangi nyeupe linaweza kusafishwa likiwa juu ya kioo, lakini rangi za mafuta zinazoingia kutoka ukingoni huonyesha gundi kati ya vioo inaachia, na hiyo ni kazi kubwa. Mkwaruzo wa nyuma hudhuru kuliko wa mbele.

Lenzi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kwa kawaida hazina lile tabaka la zambarau la kupunguza mwanga unaorudishwa na kioo, ambalo Alexander Smakula wa Zeiss alilipatia hataza mwaka 1935. Ukipiga ufukweni Dunga jua likiwa mbele na maji yanamulika, weusi utageuka kijivu. Weka kofia ya lenzi au ukinge kwa mkono.

Hatua ya 4: Jina na umri

Kwa Kodak, herufi mbili za mwanzo wa namba hutaja mwaka kwa neno CAMEROSITY, ambapo C ni 1 na Y ni 0. EO ni 1946. Zaidi ya hapo, jina ni bei tu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Nakuru:* Mwalimu, Takumar yangu ya 105 f/2.4 ya Pentax 6x7 imekuwa ya manjano kama chai. Imeharibika?

Hapana, ndugu. Kioo chake kina thoriamu, na mionzi yake ndiyo inayogeuza rangi. Mwanga wa urujuanimno huirudisha. Taa ndogo ya mwanga huo ni salama kuliko jua, kwa sababu jua hulainisha grisi na lenzi inaweza kuchoma kitu kilicho nyuma yake. Ukitumia jua, weka karatasi ya alumini chini na usiiache bila mtu. Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, manjano hayo ni kama kichujio chepesi. Piga tu.

*Kutoka Kisumu:* Naishi karibu na ziwa. Nizihifadhi vipi? Zilikuja na mikoba mizuri ya ngozi.

Dada, mikoba itoe. Ngozi hushika unyevu na fangasi huipenda. Tafuta kopo la plastiki linaloziba vizuri, weka pakiti za silika jeli, uzikaushe zikilowa. Na zitumie lenzi. Zikipata hewa na mwanga mara kwa mara, fangasi hupata taabu.

*Kutoka Kakamega:* Mulembe mwalimu. Nimepewa Apo-Ronar ya 300 f/9 iliyotoka kwenye kamera ya kiwanda cha uchapaji. Haina shata. Naweza kupiga nayo miti msituni kwa 4x5?

Mulembe sana. Unaweza, na kwa 4x5 ina nafasi ya kutosha. Ilitengenezwa kwa kunakili vitu vya karibu, kwa hivyo kwa mbali ifunge hadi f/22. Pima mvukuto wako kwanza: mti wa mbali unataka milimita 300, lakini mtu aliye mita 2 anataka kama 353, na kamera nyingi nyepesi haziendi huko. Shata usiihangaikie. Tumia karatasi ya kuchapia picha badala ya filamu, ihesabu kuwa ISO 6 hivi (ISO ni kipimo cha wepesi wa kushika mwanga). Juani kwa f/45 utapata zaidi kidogo ya sekunde 1, na chini ya miti sekunde nyingi zaidi. Ondoa kifuniko, hesabu, rudisha. Karatasi haioni nyekundu, kwa hivyo unaweza kuipakia na kuisafisha chini ya taa nyekundu ukiitazama.