Mkanda mmoja, pete mbili: begi la mgongoni linalohamia begani

Panda basi la mwendokasi pale Kimara, Dar es Salaam, saa moja asubuhi ukiwa na begi mgongoni, utasikia tu, "Kaka, begi!" Aliye nyuma yako linampiga kifuani, na wewe mwenyewe hujui mkono wa nani uko kwenye zipu. Ndiyo maana wateja wengi wanaokuja kibandani kwangu Mwananyamala wanataka begi ambalo njiani liko mgongoni, na mlangoni mwa basi linahamia begani, kwapani kabisa, machoni pao.

Kuna namna mbili za kulishona. Ya kwanza ni ya kulabu: mikanda miwili ya mgongoni inafunguliwa, unachomeka mmoja kwenye pete za ubavuni. Mimi siipendi. Kulabu za bei rahisi zinafunguka zenyewe, zinagonga-gonga, na mkanda uliobaki hujui uuweke wapi. Halafu nani ana mikono miwili ya kuhangaika na kulabu huku watu wanasukumana nyuma yake?

Ya pili ndiyo nitakayoeleza. Mkanda ni mmoja tu, mrefu. Unaanzia kona ya chini kushoto, unapanda na kupita kwenye pete ya juu kushoto, unavuka hadi pete ya juu kulia, kisha unashuka hadi kona ya chini kulia. Ukivuta kile kipande kilicho kati ya pete mbili kwenda juu, kinakuwa mkanda wa begani. Ukivuta pande zote mbili kwenda chini, unapata mikanda miwili ya mgongoni. Hakuna cha kufungua wala kufunga.

Anza na hesabu ya mkanda, begi baadaye. Tuchukue begi la urefu wa sentimita 40, upana 28, unene 12. Hilo linabeba kama lita 13, yaani nguo za kubadilisha, chupa ya maji, chakula na daftari. Pete za juu ziachane kwa sentimita 8. Ukipima kutoka pete ya juu hadi pete ya kona ya chini, mkanda ukiwa umevutika, unapata kama sentimita 37. Pande mbili ni karibu 75. Mgongoni, mtu wa umbo la kawaida anahitaji kama sentimita 75 kila upande, ongeza zile 8 za katikati, jumla 158. Sasa mkanda huohuo ukiuvuta juu: 158 ukitoa 75 zilizolala mgongoni mwa begi, unabaki na 83. Begi litaning'inia sentimita 41 hivi chini ya bega. Hapo linakaa kwapani vizuri.

Anayetaka kulivaa kwa kukatiza kifua anahitaji zaidi. Kwa hiyo mkanda naukata sentimita 195. Kila ncha inaliwa na mkunjo wa 4, zinabaki 187, na adjasta moja, yaani kibano kinachoteleza kwenye mkanda, inaurefusha na kuufupisha. Moja inatosha, kwa sababu mkanda unateleza kwenye pete na pande mbili zinajisawazisha. Ila iweke upande wa chini, karibu na kona. Adjasta haipiti kwenye pete ya juu, na ukiuleta mkanda kutoka 187 hadi ile 158 itakuwa imepanda kama sentimita 29 kutoka chini. Bado una nafasi ya 8 kabla haijagonga pete. Mtu akitaka mkanda mfupi kuliko hapo, adjasta itakwama na begi halitahamia begani sawasawa. Mtoto wa shule mkatie mkanda wake upya, usimdanganye na adjasta.

Sponji sahau. Mkanda wenye sponji hautelezi kwenye pete, na bila kuteleza begi hili halina maana. Badala yake nunua mkanda mpana wa nailoni, milimita 38, na pete za milimita 40. Ziwe za mstatili. Pete ya duara inaukunja mkanda katikati, unakuwa kamba na unakata bega. Mikanda na pete zipo Kariakoo, ila ukiwa na subira pita soko la mitumba la Karume: begi moja lililochakaa linaweza kukupa mkanda, adjasta na zipu nzima. Mimi natembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Pete ikinasa, ni chuma, na kwa jasho na upepo wa bahari wa huku kwetu itaota kutu hata kama inang'aa dukani. Isiponasa naichukua.

Mwili wa begi ni rahisi, sitakawia hapo. Pateni, yaani kipimo cha kukatia, naikata kwenye mifuko mbadala iliyochakaa, ile iliyojaa mitaani tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019. Haichaniki kama gazeti. Turubai la mbele na la nyuma kata 43 kwa 31, ukiachia mshono wa sentimita moja na nusu kila upande. Zipu ya sentimita 58 inapita juu na kushuka 15 kila ubavu. Kipande cha chini kinachomalizia mzunguko ni 78, ongeza za mshono. Bitana ya kitenge chenye rangi ya kung'aa, ili funguo zionekane ndani. Kifuko cha simu kiweke kwenye ukuta wa nyuma, zipu yake ielekee mgongo wako. Likiwa begani, ukuta huohuo unalala ubavuni mwako, kwa hiyo mwizi hafiki kirahisi kwa namna zote mbili.

Pete zote nne zishonwe kwenye ukuta wa nyuma kabla hujalifunga begi. Wengi wanaharakisha hapa. Kwa pete za juu, kwanza ongeza kipande cha turubai kwa ndani, upana wote wa begi na urefu wa sentimita 8. Kata vipande viwili vya mkanda vya sentimita 12, kila kimoja kikunje kwenye pete yake, kisha kishone mraba, na ndani ya mraba piga msalaba wa kona kwa kona. Mshono mmoja wa kukatiza usiuamini, uzi wote unavutwa sehemu moja. Usitegemee pia mshono wa juu wa begi ubebe pete, maana likiwa mgongoni mzigo mkubwa uko hapo. Pete za chini zikae kwenye pembetatu za turubai, zibanwe ndani ya mshono wa ubavu, sentimita 2 kutoka chini.

Sindano namba 18, uzi wa polista, mshono mrefu kidogo, kama milimita 3 na nusu. Cherehani ya miguu inafanya kazi hii. Ukifika penye tabaka nne, toa miguu yako kwenye pedali na uzungushe gurudumu kwa mkono, tundu kwa tundu. Ncha za mkanda zipitishe juu ya moto wa kibiriti ziyeyuke kidogo, zisifumuke.

Kabla hujampa mteja, tia chupa nne za maji za lita moja na nusu, hizo ni kilo 6, ulitundike kwenye msumari hadi kesho yake. Asubuhi angalia mambo mawili: kama uzi wa pete za juu umeacha matundu, na kama adjasta imeshuka. Ikiwa imeshuka, mkanda ni mwembamba kuliko adjasta inavyotaka; tafuta adjasta yenye meno, au badilisha mkanda.