Ramani ya watu na zahanati za mkoa wa Kigoma: namna ya kuitengeneza kwa data huria

Chukua watu 2,470,967 waliohesabiwa mkoani Kigoma kwenye Sensa ya 2022, ugawe kwa eneo lote la mkoa, kilomita za mraba 45,000 hivi. Unapata watu 55 kwa kila kilomita ya mraba. Lakini takriban 8,000 kati ya hizo ni maji ya Ziwa Tanganyika. Gawa kwa nchi kavu peke yake: watu 67. Sensa ni ile ile, mkoa ni ule ule, kilichobadilika ni mpaka uliopakua. Kwa hiyo kabla ya kufikiria rangi, shughulika na jedwali na mipaka.

Programu unazohitaji zote ni bure. QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, inakaa kwenye kompyuta. Faili lake la Windows linazidi GB 1, basi lipakue penye intaneti nzuri, usilimalizie bando la simu. Mapshaper, ya kurahisisha mipaka, na uMap, ya kuweka ramani mtandaoni, zinafanya kazi ndani ya kivinjari.

Takwimu za sensa zinatolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mipaka ya halmashauri unaweza kuipata huko au kwenye Humanitarian Data Exchange, hifadhi ya mtandaoni ya data za misaada ya kibinadamu. Ukifungua furushi la mipaka utakuta mafaili kadhaa yenye jina moja: .shp, .shx, .dbf na .prj. Yaache pamoja kwenye folda moja. Ukihamisha lile la .shp peke yake, QGIS itashindwa kulisoma vizuri.

Sasa jedwali. Ondoa koma zote ndani ya namba, kwa sababu kwenye faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, koma ndiyo inayotenganisha safu. 2,470,967 inaweza kugeuka safu tatu. Kisha hakikisha kila halmashauri ina msimbo wake, na uunganishe jedwali na mipaka kwa msimbo huo. Majina hayafai kwa kazi hii. Kigoma-Ujiji huandikwa kwa kistari, bila kistari, au kama "Kigoma Mjini", na nafasi moja iliyobaki mwishoni mwa neno inatosha kuvunja muunganiko. Kasulu ndiyo hatari zaidi: kuna Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Zote zikiandikwa "Kasulu" tu, QGIS inaweza kuchukua mojawapo na kuzipa zote mbili idadi ile ile, bila kukuonya. Ukishaunganisha, hesabu: lazima uwe na halmashauri nane, na jumla yao irudi 2,470,967. Isiporudi, usiendelee.

Kama unataka kulinganisha na sensa ya 2002, kumbuka wakati ule Buhigwe, Kakonko na Uvinza hazikuwa wilaya. Rudisha Buhigwe na Kasulu zote mbili kwenye Kasulu ya zamani, Kakonko kwenye Kibondo, Uvinza kwenye Kigoma Vijijini, ndipo ulinganishe. Vinginevyo ramani itaonyesha Kibondo imepoteza watu, kumbe imepoteza ardhi.

Kwenye QGIS, angalia kama mpaka wa mkoa unaingia ziwani. Ukiwa unaingia, kata maji kwa zana ya Difference, inayoondoa eneo moja ndani ya jingine. Kisha fungua kikokotoo cha safu (Field Calculator) uandike hesabu hii, ambapo "watu" ni safu ya idadi ya watu:

"watu" / ($area / 1000000)

Tumia $area, yenye alama ya dola, baada ya kuhakikisha mradi umewekewa duaradufu (Ellipsoid) ya WGS 84, kielelezo cha umbo la dunia. Hiyo inapima juu ya umbo la dunia lenyewe na kukupa mita za mraba. Wengi hukimbilia gridi ya UTM, inayogawa dunia katika kanda za longitudo, na hapa Kigoma inasumbua: longitudo ya 30 inapita kati ya Kigoma mjini na Kasulu, hivyo mji mmoja uko kanda ya 35 na mwingine kanda ya 36.

Hifadhi kama GeoJSON (faili la ramani linalosomeka mtandaoni), mfumo wa EPSG:4326, yaani latitudo na longitudo za kawaida, kisha pitisha kwenye Mapshaper upunguze nukta za mipaka hadi asilimia 10 hivi. Zana ya QGIS yenyewe hupunguza kila halmashauri kivyake na kuacha nyufa kati ya majirani. Mapshaper hulinda mpaka wa pamoja.

Ingiza faili hilo uMap, chagua aina ya tabaka Choropleth (maeneo hupakwa rangi kulingana na namba), uelekeze kwenye safu ya msongamano. Usigawe madaraja kwa vipimo sawa: Kigoma-Ujiji ni mji, itachukua rangi iliyokoza peke yake na halmashauri nyingine karibu zote zitafanana. Chagua Quantile, inayoweka idadi sawa ya halmashauri kila daraja, madaraja manne.

Vituo vya afya vichukue OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kupitia Overpass Turbo, tovuti ya kuchuja na kupakua data zake. Sogeza ramani mkoa mzima uonekane, fungua Wizard, andika amenity=clinic, endesha, kisha toa GeoJSON. Rudia kwa amenity=hospital na amenity=doctors, maana wachoraji hawaandiki zahanati kwa namna moja. Vituo vya Burundi na Kongo vitaingia pia. Vikate kwa Clip ya QGIS, ukitumia mpaka wa mkoa. Vilivyochorwa kama majengo vigeuze nukta kwa Centroids, ufute kituo kilichochorwa mara mbili, kisha uviingize uMap kama tabaka jingine.

Ukiongeza kituo kwa mkono kwenye jedwali la CSV, safu za latitudo na longitudo ziitwe lat na lon. Kigoma mjini ni -4.88 na 29.63. Sahau alama ya kutoa, nukta yako itaangukia karibu na Maridi, Sudan Kusini. Zigeuze nafasi, itakwenda jangwa la Sahara.

Kama hukuingia kwa akaunti, uMap inakupa kiungo cha siri cha kuhariri. Kinakili papo hapo. Kikipotea, hutaweza kurekebisha ramani tena.

Eneo tupu kwenye OpenStreetMap maana yake hakuna aliyelichora, si kwamba hakuna zahanati. Dar es Salaam ilichorwa nyumba kwa nyumba na mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015. Vijiji vingi vya Uvinza havijapata bahati hiyo. Linganisha na orodha ya vituo ya Wizara ya Afya, na kwenye maelezo ya ramani andika hivi: "Vituo: © wachangiaji wa OpenStreetMap, vimepakuliwa tarehe hii. Msongamano: Sensa 2022, nchi kavu tu."