Kukata Bamba la Chuma kwa Maji Yenye Shinikizo Kubwa
Kabla ya kuwasha pampu, bana bamba imara juu ya tangi, kwa sababu likitikisika hata kidogo ukingo wake hutoka na mawimbi. Maji hufikishwa kwenye shinikizo la takriban baa 4,000, hupenya tundu dogo lililotobolewa kwenye kito kigumu na kufyonza mchanga wa ganeti, yaani madini magumu, ambao ndio hasa unaokata chuma. Maji matupu hufaa vitu laini kama sponji na mpira.

Shusha pua, yaani mdomo unaotoa maji, hadi ibaki milimita 2 hivi juu ya bamba, kisha toboa upande wa mabaki, nje ya mstari wa umbo, maana tundu la kwanza huwa pana na chakavu. Kasi ndiyo inayotaka busara. Ukiharakisha, sehemu ya chini ya mkondo hubaki nyuma ya ile ya juu, na uso uliokatwa huonyesha michirizi iliyopinda inayozidi kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo punguza mwendo, hasa kwenye kona. Kioo kilichokomazwa kwa joto usikijaribu kabisa, kwani husambaratika.

Mkono usipite kamwe chini ya pua. Jeraha la mkondo huo huonekana dogo juu ya ngozi ilhali ndani limeharibu mengi, hivyo majeruhi apelekwe hospitali mara moja.